Usikabidhi ripoti kabla hujajua inaenda wapi

Wiki jana dada mmoja amenitumia meseji, wamemchagua katibu wa kamati ya kuchunguza pesa za chama chao zilizopotea, anauliza aanzie wapi. Nilikaa nayo siku mbili bila kujibu manake hicho kiti nilishakikalia na hadi leo kinaniuma.

Dada, anza na Jaji Philip Waki wa Kenya. Wengi wanakumbuka tu ile bahasha yake ya majina ya washukiwa, lakini mimi naanza 2003 wakati wa ile fagia fagia ya mahakama kwa tuhuma za ufisadi, majaji kibao wakasimamishwa kazi na yeye akiwemo. Wengine walistaafu kimya kimya, yeye akakataa, akaenda mbele ya jopo akajitetea, jina likasafishwa akarudi kortini. Mtu ameonja kushukiwa hivyo, 2008 anapewa tume ya kuchunguza ghasia za baada ya uchaguzi, watu 1,133 wamekufa, ataandika jina la mtu kiholela kweli?

Oktoba 15 2008 akatoa ripoti, na majina ya washukiwa wakuu hakuyachapisha, aliyafunga kwa bahasha akampa Kofi Annan, aliyekuwa mpatanishi wa ule mgogoro, na masharti juu: undeni mahakama maalum hapa Kenya, mkishindwa inaenda Hague, kwa mahakama ya kimataifa ya jinai. Wabunge wakaangusha mswada wa hiyo mahakama maalum Februari 2009, Julai Annan akampa bahasha Moreno Ocampo, mwendesha mashtaka wa Hague. Najua kesi zenyewe ziliporomoka baadaye na waathiriwa bado wanalia, hilo linaniuma pia, lakini hakuna aliyeweza kusema ile ripoti imepotea ofisini!

Yangu ilipotea. Tulikuwa kamati ya watu watano kwa sako moja, chama cha akiba na mikopo, miezi minne nazunguka na risiti, nahoji wamama waliokuwa wameweka pesa za karo, usiku naandika kwa mkono. Nikamaliza kurasa 41, nikampelekea mwenyekiti nyumbani kwake, kopi moja tu, akaniambia asante kijana wangu nitaisoma wikendi. Mkutano mkuu ukafika akasimama akasema ripoti bado inaangaliwa. Inaangaliwa mpaka leo. Kuna mama mmoja tulikuwa tukisali naye kanisa moja, aliacha kunisalimia, aliamini nimekula kitu kidogo, na sikuwa na hata karatasi moja ya kumuonyesha.

Kwa hivyo sikiza. Piga kopi, tena piga kopi nyingi, na usimpe mtu mmoja kila kitu hata kama ni mzee wa kanisa. Kabla hamjahoji shahidi wa kwanza andikeni kwa minitsi za mkutano ripoti itasomwa tarehe gani mbele ya nani, na isiposomwa inaenda kwa nani, afisa wa ushirika ama polisi, na wanachama wote wapige sahihi hapo chini. Majina ya mashahidi yaweke kando kabisa, hao watu bado wanaishi mtaa mmoja na waliokula pesa.

Umesema mnakutana Jumamosi. Hiyo minitsi ipigwe sahihi Jumamosi hiyo hiyo, kabla chai haijaletwa.