Maswali ya Wasomaji: Shingo ya Yangeyange

SWALI: Huku ziwani namwona yangeyange mkubwa mweupe akivizia samaki. Shingo yake ina kona kali kama iliyovunjika. Je, ni kilema? Na mbona akiruka huikunja, ilhali heroe huinyoosha? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Si kilema, ndiyo silaha yake. Binadamu ana pingili 7 za shingo, na twiga vilevile 7. Yangeyange ana 20 hivi. Ya sita imerefuka, na viungio vyake vimeumbwa kiasi kwamba shingo hupata kona pale pale. Akiikunja kama herufi S, misuli hukaa tayari kuifyatua. Umio na bomba la hewa, kwenye kona hiyo, hupita nyuma ya pingili, hivyo havibanwi. Umbo la ajabu kweli!

Mtazame anaponyemelea. Hunyanyua mguu taratibu, vidole vikijikunja, kisha huutua bila kutibua maji. Kiwiliwili husogea mbele huku kichwa kimetulia palepale, kwa kuwa jicho linalotikisika halilengi vizuri. Hapo kuna mtego mwingine: maji hupinda mwanga, samaki akaonekana juu zaidi ya alipo, kwa hiyo lazima ndege alenge chini ya anachokiona. Wachanga hukosa mara nyingi kuliko wakubwa.

Angani, kukunja shingo huleta uzito wa kichwa karibu na mabawa. Heroe, kwarara na korongo wengi hunyoosha. Lakini usiitegemee alama hiyo peke yake: kaloli, wale korongo wenye upara waliojaa Kampala, nao hukunja.

SWALI: Yangeyange amenasa kwenye nyavu zetu. Tumshikeje? (Mvuvi, Kisumu)

JIBU: Vaa miwani kwanza, maana hudonoa macho, na kwa kasi ileile ya kuwindia. Mfunike taulo, mshike shingo nyuma tu ya kichwa, na kwa mkono wa pili kumbatia mabawa pamoja na miguu. Usimzibe matundu ya pua yaliyo juu ya mdomo. Nyuzi zikate kwa mkasi. Ukizivuta zitazama kwenye ngozi. Usimnyweshe maji, kwani tundu la hewa liko nyuma tu ya ulimi na yataingia mapafuni. Bawa likining'inia, mtie kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza, kisha uwaite maofisa wa wanyamapori.