Kabla ya kupima usanisinuru, pima majani

Anayeanza mafunzo ya vitendo kwenye bustani za bonde la Msimbazi atakuta mchicha na matembele kwenye matuta jirani. Yote ni majani mapana, lakini ndani hayafanani hata kidogo. Mchicha ni mmea wa C4 kama mahindi, mtama na miwa: hunasa hewa ya ukaa na kuirundika kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, hivyo rubisko, kimeng'enya kinachoanza kuigeuza hewa hiyo kuwa sukari, hakipotezi kazi kwa kushika oksijeni. Matembele, kunde, mpunga na muhogo ni C3, yaani hayana mfumo huo wa kurundika, na kwa joto la Dar hasara ya kushika oksijeni ni kubwa. Usibashiri kundi kwa umbo la jani.

Hata hivyo, wanafunzi wengi hukimbilia kasi ya usanisinuru ya jani moja wakasahau eneo lote la majani, ambalo ndilo linalovuna nuru. Anza hapo. Kwa mahindi, pima urefu kutoka shingo ya jani, pale linapoachana na shina, hadi ncha, na upana pale palipo papana zaidi. Zidisha, kisha zidisha tena kwa 0.75. Jani la sm 80 kwa sm 9 lina sm 540 za mraba. Jumlisha majani mabichi yote ya mmea. Ukipata 5,000, na nafasi ya kila mmea ni sm 75 kwa 30, yaani sm 2,250 za mraba, fahirisi ya majani (eneo la majani kugawanya kwa eneo la ardhi) ni 2.2. Jua bado linapenya hadi chini, na magugu yatalifaidi.

Tatizo huwa kwenye ile nafasi. Pengo za mbegu zisizoota hupunguza fahirisi, kwa hiyo hesabu mimea iliyosimama kwenye mita 10 za mstari. Mstari usio na pengo huwa na kama 33.

Kizidisho cha 0.75 hakifai kunde. Chora majani 30 kwenye karatasi ya miraba, hesabu eneo la kila moja, ligawanye kwa urefu mara upana, upate kizidisho chako.

Kasi ya usanisinuru ipime saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Baadaye hewa ikikauka muhogo hufunga stomata, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa, hata kama udongo una maji, na mahindi yenye kiu hujikunja. Kila mmea upimwe jani la juu lililokwisha kukunjuka. Kwenye mahindi, lile ambalo shingo yake imeonekana. Majani ya chini yameshahamishia naitrojeni juu, na ukiyachanganya utailaumu mbegu bure.