Kibukee ni mdudu gani?

Msomaji wa Dodoma ananiandikia: "Mwalimu, shikamoo. Dada yangu anaolewa mwezi ujao. Mpambaji anataka kujua rangi ya bukee la bibi harusi na ya vibukee vya wapambe. Kwa Kiswahili tuseme shada? Na hii desturi ya kushika maua mkononi imetoka wapi?"

Marahaba. Nianze na la pili. Uingereza ya zamani watu walitembea na vifungu vya maua na majani ya kunukia kwa sababu miji ilinuka, na waliamini maradhi husafiri na uvundo. Mwaka 1750 homa ya gerezani iliingia katika mahakama ya Old Bailey, London, ikaua majaji na meya wa jiji. Majaji wa pale hadi leo wana siku zao za kuingia na maua mkononi. Kufikia enzi ya Malkia Victoria dawa imekuwa pambo: mabibi wanakwenda dansini na maua yaliyochomekwa kwenye kishikio cha fedha, chenye mkufu na pete ya kuvaa kidoleni, ili wakicheza maua yaning'inie tu. Basi, hiyo ni sehemu tu ya historia yake.

Sasa tuje kwenye hicho kibukee.

Sina ugomvi na bukee. Waridi tumepewa na Waarabu, asumini ina asili ya Kiajemi, na hakuna aliyekufa. Lakini neno hilo la Kifaransa, bouquet, maana yake ya mwanzo ni kijisitu, kichaka, na ule mkia wake wa mwisho ndio unaodogosha, kama ki- yetu. Bukee tayari ni kidogo! Anayesema kibukee amekidogosha kilichokwisha kudogoshwa. Ni sawa na kuniambia umenunua kikikombe. Juzi ukumbini nimemsikia mshereheshaji akitangaza, kwa sauti ya kutingisha spika, "kijibukee kidogo cha bibi harusi". Nimehesabu: ki-, -ji-, kidogo, na ule mkia wa Kifaransa. Udogo mara nne! Nikanyoosha shingo nikitarajia kuona ua moja la mchicha. Bibi harusi akaingia amebeba mawaridi ya kujaza ndoo.

Na kinachoniudhi hasa ni kwamba wapambe wale hawakushika kitu. Walikuwa wamebandikwa maua kifuani kwa pini. Hicho, jamani, kina jina, nalo ni kikuba. Muulize bibi yeyote wa Unguja au Mombasa. Asumini, waridi, rehani, kilua au mkadi akiupata, anavifunga pamoja kwa uzi, anabandika kwenye nguo au nywele, na akipita huhitaji kugeuka kujua ni nani. Kikuba kinanukia. Kibukee cha ukumbini mara nyingi ni cha plastiki, kinanukia gundi.

Ila nisivuke mpaka kwa hasira: kikuba huvaliwa, hakishikwi. Cha mkononi ni shada la maua, na kikiwa kidogo ni kishada. (Watoto wa pwani watadhani unazungumzia tiara ya kurusha. Wasamehe.) Najua wapo wanaolikwepa shada, eti ni la makaburini. Mbona mgonjwa hulala kitandani na maharusi hulala kitandani, na hakuna anayedai jina jipya la fanicha?

Kwa hiyo mwambie mpambaji: shada moja la bibi harusi, vikuba kwa wapambe. Akishikilia bukee, mwache, nimechoka kupigana na wapambaji. Akisema kibukee, punguza malipo ya awali. Kuhusu rangi, muulize dada yako.