Sijui kuchora, je nisome dizaini ya mawasiliano?

Unasema umepata nafasi ya digrii ya dizaini ya mawasiliano lakini unaogopa kwa sababu hujui kuchora. Nenda tu ndugu yangu, kuchora kunasaidia ila sio ndio kozi yenyewe. Kozi yenyewe ni kupanga maandishi, rangi na picha ili mtu aelewe kitu haraka bila kuhangaika. Mwaka wa kwanza tulipewa lebo ya dawa tuipange upya, fonti moja, rangi nyeusi tu, hakuna picha, nikafikiri ni kazi ya dakika 20 kumbe nimeirudia mara 9 mpaka nikagundua kwamba dozi ndio inatakiwa ionekane kwanza, jina la kampuni linaweza kusubiri. Hapo ndio nilianza kuipenda hii fani kwa dhati.

Mcheki Harry Beck, ramani yake ya treni za chini ya ardhi za London ilitoka 1933, jamaa alikuwa anachora michoro ya kiufundi, akaachana na umbali halisi akaweka mistari iliyonyooka na kona za nyuzi 45, kwa sababu abiria anataka kujua abadilishe treni wapi, basi.

Programu za kompyuta utazijua tu, usizipe presha. Ila tunza skechi zako zote hata zile mbovu, kwenye potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako unaowaonyesha watu, wanataka kuona ulivyofikiri. Na kazi yako ikikosolewa mbele ya darasa inauma sana mwanzoni, we andika wanachosema, usijitetee.