Jibu kwa aliyeuliza kama mama asimamishe dripu za kansa ajaribu stafeli kwanza: USIMSIMAMISHE

Mleta uzi usimsimamishe. Nimesoma ulichoandika nikahisi ni mimi mwenyewe wa wakati ule. Mama ana kansa ya titi, kashafanyiwa upasuaji, dripu ya kwanza imemtapisha mpaka analia, sasa kuna jamaa kakutumia makala kwamba majani ya stafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko dripu na anataka mumpumzishe miezi mitatu anywe unga wake kwanza. Umeuliza pia mambo ya bima, chakula na nini sijui, hayo wadau wengine watakujibu, mimi ninalo moja tu.

Sisi dada yangu tulimpumzisha.

Alikuwa kwenye ile dawa nyekundu, ile ambayo ukitoka hapo hata mkojo unakuwa mwekundu. Akarudi home anatapika mpaka maji, mdomo umejaa vidonda, na mshika ndoo ni mimi. Ukishika ndoo usiku kucha aisee unaamini chochote. Ndo nikaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la "dokta" mmoja, koti jeupe kwenye profaili, sijui alikodi wapi, anatuma voisi ndefu za upole, mwanangu mwambie dada aachane na hizo sumu, mwili wake unalia. Chupa ya unga wa stafeli laki na nusu. Yule Babu wa Loliondo 2011 watu walipanga foleni ya magari mpaka porini lakini walau kikombe kilikuwa jero!

Chupa yenyewe ilikuwa ya maji ya kunywa, lebo imebandikwa juu ya lebo ya zamani, pembeni mlima wa kampuni ya maji bado unaonekana, imeandikwa inatibu saratani zote, kisukari, fangasi sugu na nguvu za kiume. Dada akasoma akacheka, akasema basi na shemeji yako mmiminie. Tukacheka wote halafu nikalipa, hapo ndo ujue akili ilikuwa imeshahama.

Kilichonimaliza ni shuhuda. Kuna mama mmoja kila wiki anaandika uvimbe umeyeyuka, Mungu mkubwa, namba ya dokta hii hapa. Baadaye sana, mambo yameshaharibika, nikampigia huyo mama. Kumbe alishakatwa uvimbe na akamaliza mionzi kabla hata hajaujua huo unga! Uvimbe uliyeyukia kwenye beseni la chumba cha upasuaji, sifa akapewa mstafeli. Na waliokuwa wanaandika mgonjwa wetu anazidi, admini alikuwa anawatoa kimyakimya, ukiamka asubuhi grupu limebaki la waliopona tupu. Dada alipoanza kuvimba tumbo nikamuuliza dokta akasema sumu inatoka. Nikauliza tena akasema imani yenu ndogo. Mara ya tatu akanipiga bloku, mshenzi yule. Tuliporudi hospitali ilikuwa imefika kwenye ini, na dada hayupo leo.

Kwahiyo sheria yangu ni hii na sitoki hapo: mtu akikuletea dawa ya kansa, usimuulize waliopona, muulize WALIOKUFA. Walikunywa wangapi, wakafa wangapi, na wenzao wa ugonjwa uleule ambao hawakunywa walikufa wangapi. Asipokuwa na hizo hesabu ni muuza unga tu, hata akiwa na vyeti ukuta mzima.

Hiyo mara 10,000 nimeichimba mpaka chini. Ni utafiti wa chuo cha Purdue Marekani, 1996, walichukua kemikali moja ya mbegu za stafeli wakaiweka kwenye seli za kansa ya utumbo, tena maabara, ndani ya sahani, wakailinganisha na Adriamycin, ambayo ndo hiyohiyo dawa nyekundu. Hakuna binadamu aliyekunywa kitu hapo. Kwenye sahani hata jiki inaua kansa, kanywe basi. Halafu huko Guadeloupe, visiwa vya Karibiani ambako wanakunywa sana chai ya hayo majani, tangu 1999 madaktari wanaihusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Hilo kwenye makala yako halipo, nina uhakika.

Unataka hesabu za waliokufa? Watafiti wa Yale walitoa 2018, watu 281 wenye kansa ambayo haijasambaa waliochagua tiba mbadala peke yake, wakalinganishwa na 560 waliotibiwa kawaida, umri, aina na hatua ya ugonjwa zikiendana. Kwa kansa ya titi hatari ya kufa kwa hao wa tiba mbadala ilikuwa zaidi ya mara 5 ya wenzao. Na usidhani ni ushamba, hao waliokimbia hospitali walikuwa na elimu na kipato kuliko wenzao. Kwahiyo mimi ni msomi, nashukuru.

Sio kwamba nachukia miti. Vinkristini, dawa ya kansa kabisa, imetoka kwenye kale kaua ka pinki ka Madagascar kanakoota mpaka uani kwako, ila kalipimwa kwa watu, waliokufa wakahesabiwa.

Sasa kinachoniuma, na hapa soma vizuri mkuu, sisi hatukuikimbia dripu, tulikimbia kutapika. Na kutapika kuna dawa! Hatukumwambia daktari tukidhani ndo ilivyo. Kuna ondansetroni na deksamethasoni za kutangulia kabla ya dripu, na 2016 Marekani walijaribu kuongeza olanzapini kwa watu 380, wengine wakiwemo wa hiyo hiyo dawa nyekundu, nusu wakapewa vidonge bandia juu ya dawa zilezile za kawaida. Saa 24 za kwanza wasiosikia kichefuchefu kabisa walikuwa asilimia 74, wa vidonge bandia 45. Ukigugo utaona ni dawa ya magonjwa ya akili, usishtuke, dozi na kama inamfaa mama ni daktari wake atasema.

Umesema dripu ya pili ni Jumatano. Nenda kesho na karatasi, andika katapika mara ngapi, kuanzia saa ngapi, vidonda vipo au havipo, na kama kuna unga ameshaonja mtaje, usione aibu. Joto likifika 38 msisubiri asubuhi, pelekeni usiku huohuo.

Chakula uliuliza nini vile? Ngoja wengine waje. Ila namba ya huyo jamaa nitumie inboksi nione kama ni yuleyule.