Maharage: niloweke mbegu kwenye zinki au nipake molibdeni?

Swali: Bwana shamba, shikamoo. Nalima maharage aina ya Uyole Njano huku Mbozi. Niliambiwa mbegu ikilowekwa kwenye maji ya zinki huota na nguvu, nikaloweka usiku kucha. Asubuhi nyingi zilikuwa zimepasuka, na shambani ziliota kama nusu tu. Zilizoota zikabaki za manjano mpaka zikaanza kutoa maua. Nilikosea kipimo?

Jibu: Marahaba. Pole kwa hasara ya mbegu. Kipimo si kosa la kwanza. Kosa ni ule usiku mzima ndani ya ndoo. Mpunga unavumilia kulowekwa, maharage hayavumilii. Punje yake ni kubwa, na ikiwa kavu hunywa maji kwa pupa hadi zile nusu zake mbili zinapata nyufa. Sukari ya ndani huvuja na kuwalisha kuvu wa udongoni, na chini ya maji punje hukosa hewa. Kwa maharage mimi nashauri kupaka, si kuloweka.

Sasa ile manjano. Upungufu wa zinki huanzia majani machanga, rangi ikififia katikati ya mishipa, na mmea hudumaa. Mmea wote ukipauka kuanzia majani ya chini, naturojeni ndiyo haitoshi. Ng'oa mche mmoja taratibu karibu na wakati wa maua, kisha pasua vinundu vya mizizi kwa ukucha. Ndani vikiwa vyekundu, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, mmea una njaa.

Bakteria wa vinundu hawawezi kukamata naturojeni ya hewani bila molibdeni, madini ambayo mmea huhitaji kwa kiasi kidogo sana, na udongo wenye tindikali, kama ulivyo mwingi katika nyanda za juu zenye mvua nyingi, huishikilia molibdeni isiufikie mzizi. Kwa hiyo pima udongo kwanza. pH, yaani kipimo cha tindikali (namba ikishuka, tindikali imezidi), ikiwa chini ya 5.5, chokaa ndiyo tiba ya kudumu, nayo huifungua hata molibdeni iliyomo tayari. Zinki iache mpaka kipimo kionyeshe inapungua. Mara nyingi upungufu wake husumbua kwenye udongo wa chokaa au uliojazwa mbolea ya fosfeti.

Kwa ekari moja, yaani mbegu kilo 30 hivi, yeyusha gramu 20 za sodiamu molibdeti (chumvi yenye molibdeni) kwenye theluthi moja ya lita ya maji yenye vijiko viwili vya sukari ili ishike. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kisoda. Geuza mbegu juu ya turubai kivulini hadi zilowe sawasawa, zianike hapo hapo kivulini, upande siku hiyo hiyo. Ukitumia bakteria wa vinundu wanaouzwa dukani, wapake mwisho kabisa, dakika chache kabla ya kupanda, kwa sababu chumvi hizi huwaua wakikaa nazo. Njia salama zaidi kwao ni kuiacha mbegu na bakteria peke yake, kisha kupulizia molibdeni kwenye majani kati ya siku 15 na 25 baada ya kuota, kama wafanyavyo wakulima wa maharage Brazil.

Jambo moja nalisisitiza: mbegu iliyopakwa ikibaki, isiliwe, wala usiwape ng'ombe. Molibdeni ikizidi huwanyima madini ya shaba mwilini.