Muulize Mhariri: Hilo jengo la kwenye kalenda ni la nini?

SWALI: Mhariri, kwa kinyozi wangu hapa Kondele kuna kalenda ya kitambo sana hajawahi kuitoa ukutani, ina picha ya jengo la rangi ya kahawia, mnara wake uko kando na una saa, chini imeandikwa Okuma, Waseda. Yeye ameapa hilo ni kanisa, mimi nasema ni stesheni ya treni. Tumewekeana soda, nani ananunua?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, nyote wawili mmechapwa. Huo ni ukumbi wa mikutano wa Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, ulimalizika 1927, na Okuma Shigenobu ndiye mwanzilishi wa chuo. Kinyozi simlaumu sana, umejengwa kwa mtindo wa makanisa ya zamani ya Ulaya, na kengele za huo mnara zinapiga mlio uleule wa ile saa kubwa ya Westminster kule London.

Huyo mzee sasa. 1881 walimsukuma nje ya serikali, mwaka uliofuata akafungua shule yake, na ndiyo hiyo ikaja kuitwa Waseda 1902. Alirudi serikalini, na 1889 akiwa waziri wa mambo ya nje mtu akarushia gari lake la farasi bomu, akapona lakini mguu wa kulia ukakatwa. Mwingine hapo angerudi nyumbani akae chini ya mwembe, si ndio? Yeye akaja kuwa waziri mkuu mara mbili, na bado akawa anaambia watu ati binadamu akijitunza anaweza kuishi miaka 125, hesabu yake ni kwamba mwili unakomaa ukiwa na miaka 25 na unafaa kuishi mara 5 ya hiyo.

Rudi kwa kalenda uangalie huo mnara vizuri. Urefu wake ni shaku 125, shaku ni kipimo cha Kijapani karibu sawa na futi, kwa hivyo ni kama mita 38. Walimjengea ile miaka yake yote kwenda juu! Mwenyewe hakuuona, alifariki Januari 1922 akiwa na 83, halafu tetemeko la 1923 likachelewesha ujenzi.

Soda basi kila mtu ajinunulie, na ya tatu ni yangu, iwe baridi.